"Soko lipo" si jibu: Mjue mnunuzi wako kabla hujanunua vifaranga



Kuna maneno mawili ambayo sisi maafisa ugani tunayasema sana: "Soko lipo." Kijana anakuja ofisini kuuliza habari za kuku. Namweleza banda, chanjo ya kideri, chakula, joto la vifaranga. Mwishoni anauliza, "Sasa mtaalamu, soko je?" Najibu bila hata kufikiria, "Soko lipo. Kuku wa Singida nani hamjui?" Anaondoka amefurahi, na mimi nabaki nimeridhika kwamba nimefanya kazi yangu.

Leo nataka niwaeleze jinsi jibu langu hilo lilivyomgharimu kijana mmoja wa Ikungi karibu laki nane, na kitu gani nilitakiwa kumuuliza siku ile kabla hajanunua kifaranga hata kimoja. Yeye mwenyewe ameniruhusu nisimulie, kwa sharti la kutomtaja jina.

Kuku 276 na banda linalokula hela

Kijana huyu na wenzake wanne walipata mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba, lakini ni deni, na marejesho yana tarehe. Katikati ya Septemba wakaingiza vifaranga 300 vya chotara. Kazi ya ufugaji waliifanya vizuri kweli. Chanjo zilitolewa kwa ratiba, vifo vikawa vichache, na katikati ya Januari walikuwa na kuku 276 wenye afya, majogoo mengi yakiwa yamepita kilo mbili.

Krismasi ilipofika, kuku walikuwa na miezi mitatu. Alinipigia, "Kaka, tuuze?" Nikamwambia avute subira wafikie uzito mzuri. Kwa upande wa uzito nilikuwa sahihi. Kumbe kwa upande wa mnunuzi nilikuwa nimempoteza, kwa sababu mtu anayenunua kuku mmoja kwa ajili ya sikukuu, Januari hayupo tena. Januari ananunua sare na madaftari.

Basi Januari wakaanza kutafuta wa kuwauzia. Kwanza wakaenda mnadani kwa wale wanaokusanya kuku kwenye matenga na kuwapeleka Dar es Salaam. Mmoja akamshika jogoo, akampima kwa mkono, akaangalia miguu na kilemba, akamrudisha. "Mdogo wangu, hawa ni chotara. Mimi Shekilango naulizwa kuku wa kienyeji wa Singida. Hawa nikiwapeleka nitagombana na wateja wangu." Akatoa ofa ya Tsh 9,000 kwa kuku ambao vijana walikuwa wamepanga kuwauza 15,000.

Wakaenda kwenye hoteli mjini. Mpishi akasema anataka kuku waliochinjwa na kusafishwa, wa kilo moja na robo hivi, wote wanaolingana, kwa sababu sahani yake ya robo kuku ina bei moja. Jogoo la kilo mbili na nusu ukiligawa robo unampa mteja nyama nyingi kwa bei ileile. Halafu malipo ni baada ya mwezi.

Wakarudi kijijini kuuza kwa majirani. Hapo walipata wateja wengi wa kuchukua na wachache wa kulipa. Sitajificha: hata mimi nilichukua majogoo mawili nikalipa mshahara ulipotoka.

Wakati huo wote kuku wanakula. Chukua kalamu tupige hesabu pamoja. Kuku mkubwa wa chotara anakula kama gramu 120 kwa siku. Mara 276, ni kilo 33. Chakula walichochanganya wenyewe kiliwagharimu kama Tsh 1,000 kwa kilo, kwa hiyo ni Tsh 33,000 kila asubuhi, jua likichomoza, kuku ameuzwa au hajauzwa.

Aliyewaokoa ni mama mmoja anayeuza supu stendi. Kijana alikuwa amekaa pale anasubiri gari, ana kuku watatu kwenye tenga, amekata tamaa. Mama akamwita. "Hao unauzaje?" Akamshika jogoo, akafurahi na kile kilekile ambacho wengine walikikataa. "Huyu ni mkubwa, na nyama yake haiyeyuki kwenye supu kama ya kuku wa kisasa. Huyu ananipa bakuli nane." Kwa bakuli la Tsh 3,000 hiyo ni Tsh 24,000. Akatoa 13,000 mkononi, akasema, "Kesho niletee wawili, saa 11 alfajiri, usichelewe."

Kupitia yeye wakapata wengine wawili. Watatu hao wakawa wanachukua kuku sita kwa siku, fedha taslimu. Kuku wa mwisho aliondoka wiki ya kwanza ya Machi. Deni lilirejeshwa, ila kwa kuchelewa, na wawili kati ya wale wanne walijitoa kwenye kikundi. Kuanzia kuku walipokomaa hadi walipokwisha, karibu laki nane iliingia kwenye chakula cha kuku ambao hawakuwa na sababu ya kuendelea kula. Hiyo ndiyo bei ya "soko lipo".

Mteja mlengwa ni nani hasa?

Ukimuuliza mfugaji, "Mteja wako ni nani?" wengi wanajibu, "Yeyote anayekula kuku." Angalia hadithi hiyo. Mkusanyaji wa mnadani, mpishi wa hoteli, jirani na mama wa supu wote wananunua kuku. Lakini mmoja anataka jina la kienyeji, mwingine anataka uzito unaolingana, wa tatu anataka sikukuu, wa nne anataka bakuli nane na saa 11 alfajiri. Kuku wako mmoja hawezi kuwaridhisha wote wanne. Ukimfuga bila kujua ni wa nani, utamuuza kwa yule ambaye hakumhitaji, na mtu huyo atakulipa bei ya mtu asiyehitaji.

Kwa hiyo mteja mlengwa ni mtu ambaye unaweza kunieleza mambo matano juu yake:

1. Sasa hivi ananunua kwa nani? Kama hanunui kabisa bidhaa ya aina yako, jiulize kwa nini. Inawezekana haihitaji.

2. Ananunua mara ngapi, na kiasi gani kwa mara moja? Kuku wawili kila siku ni mteja mkubwa kuliko kuku ishirini kila Desemba. Piga hesabu ya mwaka uone mwenyewe.

3. Anaangalia nini cha kwanza anaposhika bidhaa? Uzito? Rangi? Mguu? Mfuniko? Hicho anachokiangalia cha kwanza ndicho unachotakiwa kukizalisha.

4. Analipa lini na kwa njia gani? Taslimu, kwa simu, kwa mwezi, kwa miezi mitatu? Mtaji wako unaweza kumsubiri?

5. Nani anaamua? Kwenye hoteli anayelipa ni meneja, lakini anayekataa kuku ni mpishi. Nyumbani anayetoa hela anaweza kuwa baba, lakini anayejua mafuta gani yanatoa harufu jikoni ni mama. Zungumza na yule anayeamua.

Mambo haya matano yakikaa kwenye daftari lako, unajua kabila la kuku la kuchukua, mwezi wa kuingiza vifaranga, umri wa kuuza na bei ya chini ambayo hutavuka. Usipoyajua, hayo yote unayabahatisha kwa hela ya mkopo.

"Lete tu" si oda

Sasa, unayapataje majibu? Hapa vijana wengi wanakosea, kwa sababu wanauliza swali la wakati ujao. "Mama, nikikuletea kuku utanunua?" Mama atajibu nini? Sisi tumelelewa kutomvunja mtu moyo, hasa kijana aliyekuja kwa heshima na shikamoo. Atasema, "Lete tu mwanangu." Wewe unarudi nyumbani unaandika "mteja 1". Miezi minne baadaye unafika na tenga, anakwambia, "Leo nimeshanunua, njoo siku nyingine."

Hakukudanganya. Alikuwa mpole tu.

Uliza mambo yaliyokwisha kutokea. "Mama, jana ulipika kuku wangapi? Uliwapata wapi? Ulinunua kwa bei gani? Siku gani biashara inapungua? Huyo anayekuletea sasa anakuudhi kwa nini?" Hilo swali la mwisho lina faida kubwa kuliko yote. Mama wa supu stendi aliposema "usichelewe", alikuwa anakueleza jinsi mwenzako anavyoharibu. Aliyekuwa anampelekea kuku kabla ya hapo alikuwa anafika saa 2 asubuhi, abiria wa mabasi ya alfajiri wameshaondoka bila supu.

Fanya hivyo kwa watu kumi kabla ya kutoa hela. Watu kumi ni kazi ya siku tatu nne, nauli na uvumilivu. Usiende wakati wa kazi nyingi. Kwa mama lishe nenda saa 9 alasiri akiwa anaosha vyombo, nunua hata chai, kaa. Kwa mfanyabiashara wa mnadani nenda mwishoni mwa mnada. Andika kwenye daftari ukishatoka, usimwandikie mtu usoni kama unamhoji polisi.

Ukimaliza, jaribu kidogo. Nunua kuku watano wa aina unayotaka kufuga kwa jirani, wapeleke kwa huyo mteja, uone kama anatoa hela. Hata usipopata faida umenunua ukweli kwa bei ya kuku watano, na hiyo ni rahisi kuliko kuupata kwa kuku 276.

Kwenye vitunguu ni vilevile

Msiokuwa wafugaji msiondoke. Mkoa wetu unajulikana kwa vitunguu, na pale soko la Misuna mjini Singida utakutana na wanunuzi wa aina nyingi kwa asubuhi moja.

Anayepakia lori la kwenda Dar es Salaam au nje ya nchi anaangalia shingo ya kitunguu kwanza. Anataka shingo iliyokauka, maganda ya juu makavu, rangi iliyokolea na ukubwa unaolingana, kwa sababu mzigo utakaa siku nyingi kwenye joto. Hoteli inataka vikubwa, maana ni rahisi kumenya. Mama lishe anataka vya kati na vidogo, kwa sababu anahesabu kitunguu kimoja kwa sufuria moja. Muuza genge wa mtaani anaweza kuchukua hata kibichi chenye majani, kitaisha kesho.

Mteja huyo anaamua mambo ya shambani. Kama unamlenga mtu wa lori, usiweke urea ukiwa umechelewa, maana naitrojeni nyingi mwishoni inanenepesha shingo na kitunguu kinaoza ghalani. Acha kumwagilia wiki mbili au tatu kabla ya kuvuna. Ukishang'oa, kausha kivulini penye hewa, usikimbilie kufungasha. Kama unamlenga mama lishe, panda karibu karibu kidogo upate vya kati. Kama ni hoteli, achanisha nafasi. Yote hayo unayaamua wakati wa kupandikiza miche, miezi mingi kabla hujamwona mnunuzi. Ndiyo maana nasema mnunuzi anatafutwa kabla ya mbegu.

Na tukiwa hapo Misuna: usikubali lumbesa. Sheria ya Vipimo inakataza, na gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Mnunuzi ambaye hataki mzani, mweke kwenye orodha ya watu usiowalenga.

Alizeti: mnunuzi mmoja ni hatari

Mnaolima alizeti mnakumbuka msimu wa 2023. Miaka miwili kabla yake serikali ilikuwa imetuhamasisha sana, Singida, Dodoma na Simiyu, tuongeze alizeti, na watu wakaitikia. Halafu mafuta ya nje yakaingia kwa wingi, bei ya mbegu ikaanguka. Wengi waliumia kwa sababu walikuwa na mnunuzi wa aina moja tu, yaani mashine inayonunua mbegu.

Aliyekamua mwenyewe alikuwa na wateja wa aina mbili: wa mafuta na wa mashudu. Mashudu yana wateja wake wa kudumu. Wafugaji wa kuku wanayahitaji kwenye mchanganyiko wa chakula, na wenye ng'ombe wa maziwa pia, wa hapa nchini na hata Kenya. Hawa hawajali chupa nzuri. Wanajali ukavu, wanajali kama kuna mchanga, na wanajali mzigo kufika kwa wakati.

Kwenye mafuta napo kuna makosa tunayofanya. Ukiuza mafuta ya alizeti mjini Singida, unamuuzia mtu ambaye shangazi yake ana alizeti, jirani yake ana mashine, na barabara nzima ina madumu. Mtu huyo atakubana bei mpaka ulie. Lakini barabara kuu inayotoka Dodoma kwenda Shinyanga na Mwanza inapita hapahapa kwetu. Abiria huyo anataka mafuta ya Singida yakiwa Singida. Ana dakika tano. Kitu cha kwanza anachokiogopa ni dumu kuvujia kwenye begi, na cha pili ni kuchakachuliwa. Kwa hiyo kwake mfuniko uliobanwa vizuri, lebo yenye jina na namba ya simu, na dumu la lita tano linaloingia chini ya kiti, vina thamani kuliko kupunguza Tsh 1,000.

Ukitaka kumfikia mteja wa maduka makubwa, huyo ni mwingine kabisa. Huyo bila alama ya ubora ya TBS na mstari wa namba wa kuskani hakufungulii mlango. Njia ipo: anzia ofisi ya SIDO ya mkoa, wanakushauri na kukupa barua ya utambulisho kwenda TBS. Lakini usiingie gharama hizo kwa sababu tu rafiki yako kaingia. Ingia kama daftari lako linaonyesha kwamba mteja wako ananunua dukani.

Mahali ambapo humchagui mteja

Niseme ukweli, kuna mazao ambayo mnunuzi humchagui wewe. Dengu, choroko, mbaazi na ufuta, mahali mfumo wa stakabadhi ghalani unapotumika, zinakwenda ghalani na kuuzwa kwa mnada kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Pale kazi yako ya masoko inabaki kwenye ubora: mzigo mkavu, uliopepetwa, usio na mawe wala mchanganyiko. Na kazi nyingine ni kuamua kabla ya msimu kama mtaji wako unaweza kusubiri mnada na malipo. Hayo nayo ni kumjua mnunuzi.

Kuna pia mteja taasisi: shule za bweni, hospitali, kambi. Kikundi cha vijana kilichosajiliwa kinaweza kujiandikisha kwenye mfumo wa manunuzi wa NeST, na sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi ya umma kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Ni mteja mzuri, ana kiasi kikubwa na kinachojulikana. Ila uwe na mtaji wa kusubiri malipo, na usimfanye kuwa mteja wako wa pekee.

Tangazo linakuja mwisho

Vijana wengi wanaanza na tangazo. Wanafungua ukurasa, wanapiga picha kuku, wanaandika "kuku wanapatikana, piga namba hii", wanalipia. Wanapata watu mia mbili wanaopenda picha, na nusu yao wako mikoani wanauliza, "Mwanza mnaleta?"

Ukishamjua mteja, mahali pa kumtangazia panajionyesha penyewe. Mama wa supu haangalii mtandao saa 10 usiku akiwasha moto. Yeye anahitaji simu jioni, "Mama, kesho wawili kama kawaida?" na uso wako alfajiri. Abiria wa basi anahitaji bango analoliona kabla gari halijasimama. Wanasingida walioko Dar es Salaam, ambao wana hamu ya mafuta na kuku wa nyumbani, hao ndio wa kundi la WhatsApp, na mzigo wao unasafiri kwa basi. Hela ya tangazo ikienda kwa mtu asiye mteja wako ni sawa na mbolea uliyomwaga barabarani ukielekea shambani.

Na wa kumwacha ni nani?

Hili ni gumu, lakini lazima niliseme. Kumjua mteja wako ni pamoja na kujua nani si mteja wako. Kwa kijana wetu wa Ikungi, majirani wa kukopa hawakuwa wateja. Walikuwa ndugu, majirani, na afisa ugani mmoja. Huwezi kuwakatalia wote, maana tunaishi pamoja na tunazikana. Yeye sasa ana utaratibu: kuku watano katika kila kundi ni wa jamii, anajua kabisa hao wanaweza kuchelewa kulipwa. Wakiisha, anajibu, "Waliobaki wana wenyewe." Na ni kweli wana wenyewe.

Siku hizi haingizi vifaranga 300 kwa mpigo. Anaingiza 100 kila mwezi, ambao wakikomaa ni kama wanne kwa siku kwa siku 26 za biashara, na anaowauzia anawajua kwa majina. Katikati ya Agosti anaongeza 60, kwa ajili ya familia za mjini wanaonunua Krismasi, na hao anaanza kuwapigia simu mwanzoni mwa Desemba. Wawili waliojitoa hawajarudi. Mmoja tukikutana tunasalimiana vizuri, lakini habari za kuku hatuzigusi.

Mimi nimejifunza kunyamaza kidogo. Kijana akiniuliza, "Mtaalamu, soko lipo?" namuuliza, "La nani?" Wengine wanaona nawakatisha tamaa. Sitaki kumkatisha mtu tamaa. Nataka tu asije akanipigia Januari saa 12 asubuhi, chakula kimeisha, kuku wanapiga kelele nyuma yake, na mimi sina cha kumwambia.

Kazi ya wiki hii, kabla hujanunua mbegu au kifaranga: chukua daftari, andika majina ya watu watatu watakaonunua mzigo wako, na mbele ya kila jina jibu yale maswali matano. Ukishindwa kufikisha watatu, hela yako iache ilipo kwanza. Vaa viatu, nenda stendi, nenda sokoni, nenda mnadani, ukaulize jana walinunua nini.

Kazi njema.